Pampu, shaba na miezi ya kusi: uchambuzi wa kisa cha mvulana wa miaka 15, Malindi

Pampu ya bwawa la kuogelea iling'olewa usiku kwenye nyumba ya mapumziko iliyofungwa, upande wa Casuarina, Malindi. Kulipopambazuka wavulana watatu walikuwa wameshaipasua mota yake na kuuza shaba iliyomo, na waya wa umeme uliokuwa ukiilisha wameutia moto shimoni ili plastiki iungue wauze na huo. Moshi mweusi ndio uliowafichua. Mlinzi wa nyumba ya jirani aliufuata, akamkuta mmoja wao amechuchumaa na kijiti mkononi, anageuza waya kama anayechoma mahindi. Shaba ya kwanza ilikuwa imeleta shilingi 1,800, yaani 600 kwa kila mmoja. Pampu mpya haipatikani hata kwa mara kumi ya pesa hiyo.

Wa kwanza alikuwa na miaka 19, wa pili 17. Huyu aliyekutwa shimoni alikuwa na 15, mwanafunzi wa gredi ya 8 kutoka mtaa wa Muyeye, na ndiye tutakayemfuata. Kisa kimesukwa kutokana na hali zinazojirudia katika kazi ya ustawi wa watoto mjini Malindi. Si faili la mtoto fulani, na atakayedhani anamjua mtu humu atakuwa amekosea. Tutamwita Dogo.

Asubuhi ya kituoni

Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 53, inasema kumfungia mtoto ni hatua ya mwisho kabisa, tena kwa muda mfupi iwezekanavyo na mbali na watu wazima. Sheria ya Watoto ya 2022 inaendelea kutoka hapo: polisi wamjulishe mzazi na afisa wa watoto, na pale inapofaa mtoto atolewe kwenye mkondo wa mahakama kabla ya kesi kuanza. Maofisini utaratibu huo unaitwa daivashoni. Wa chini ya miaka 12 hawezi kubebeshwa kosa la jinai. Aliye kati ya 12 na 14 anachukuliwa kuwa hawezi kupambanua jema na baya mpaka mahakama iridhishwe vinginevyo. Dogo alikuwa amevipita vizingiti vyote viwili, kwa hiyo mengi yalitegemea mambo mawili yaliyofanyika kabla ya saa sita mchana.

La kwanza ni umri. Dogo ni mrefu, sauti imeshavunjika, na hana cheti cha kuzaliwa. Kwenye kitabu cha matukio, OB, aliandikwa kwa kukadiria macho tu: miaka 18. Namba hiyo moja ingetosha kumlaza seli ya watu wazima na kumpeleka mahakama ya kawaida asubuhi ya pili. Kilichomwokoa ni kadi ya kliniki. Afisa wa watoto alipompigia mama simu, hakumwambia "njoo haraka", kwa maana mzazi anayeambiwa hivyo huja mikono mitupu na machozi. Alimwambia alete kila karatasi yenye jina la mtoto. Mama alikuja na mfuko wa nailoni, na ndani yake mlikuwa na kadi yenye tarehe za chanjo. Kadi ikikosekana, njia inayobaki ni kupimwa umri hospitali kwa meno na mifupa, na kipimo hicho hutoa makadirio, hakitoi tarehe. Kwa mtoto wa miaka 17 na nusu makadirio hayo yanaweza kuangukia upande wowote.

La pili ni kutenganisha mafaili. Mtoto akiunganishwa kwenye shtaka moja na mtu mzima, anaweza kujikuta nje ya Mahakama ya Watoto kwa sababu tu ya aliyekaa naye kizimbani. Wa miaka 19 alishtakiwa peke yake. Wa 17 alikuwa na jambo lingine lililokuwa likiendelea na akafuata njia yake. Faili la Dogo likabaki jembamba.

Mzazi hukutana na kishawishi hapa. Kuna ndugu, au rafiki wa ndugu, atakayesema "haya yamalizwe kienyeji": shilingi elfu kadhaa, mtoto arudi nyumbani, hakuna maandishi. Inaonekana huruma. Lakini kesi ikizimwa hivyo, hata sababu yake imezimwa pamoja nayo. Hakuna atakayefika nyumbani kuuliza kwa nini mtoto wa gredi ya 8 alikuwa shimoni alfajiri ya siku ya shule. Tena aliyemnunua mtoto leo, kesho atauziwa tena kwa bei ya juu.

Ili mtoto atolewe kwenye mkondo wa mahakama, ni lazima akubali kosa kwa hiari, kuwe na ushahidi wa kutosha wa kumshtaki hata asipokubali, yeye na mzazi waridhie mpango, na mwendesha mashtaka aupitishe. Neno la kuchungwa hapo ni hiari. Mtoto aliyelala macho usiku kucha atakubali lolote akiambiwa "ukikubali unaenda nyumbani". Kwa sababu hiyo afisa alimhoji Dogo baada ya kula, mama yake akiwapo, na la kwanza kumwambia lilikuwa kwamba ana haki ya kunyamaza.

Daftari

Ripoti ya hali ya jamii, yaani ya maisha ya mtoto kwao, huandikwa kwa kufika nyumbani. Ikiandikwa kwa simu inakuwa ripoti ya sauti ya mama. Afisa alifika Muyeye saa kumi jioni, wakati ambao vyungu husema ukweli kuhusu chakula cha usiku. Chumba kimoja na nusu, watu watano. Sare ya shule ilikuwa imetundikwa msumarini, safi, na kola yake ina vumbi la kutovaliwa. Nafasi ya mtungi wa gesi ilikuwa tupu, imebaki alama ya duara sakafuni.

Aliomba madaftari. La hisabati liliishia tarehe 9 Mei, katikati ya swali la asilimia. Alipoligeuza nyuma akakuta ukurasa mwingine wa mwandiko ule ule: safu mbili zilizopigwa rula, kushoto uzito, kulia bei. Shaba, shaba iliyoungua, alumini, chuma. Mwisho wa kila wiki kulikuwa na jumla, na jumla zilikuwa sahihi. Kwenye mstari mmoja aliandika kwamba mizani ya mnunuzi inapunguza robo kilo, akapiga hesabu ya kilichopotea.

Kurasa hizo zilisema mambo matatu. Biashara hiyo ilikuwa na karibu wiki nane, kwa hiyo pampu haikuwa ajali ya usiku mmoja. Kulikuwa na mnunuzi mtu mzima aliyepokea chuma kutoka kwa mtoto aliyevaa kaptula ya shule, ilhali Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inamtaka mfanyabiashara awe na leseni na aweke kumbukumbu za anachonunua. Kumbukumbu alikuwa nazo mtoto. Na tatu, huyu mvulana aliyeandikwa na shule "mzito wa masomo" alikuwa anafanya hesabu za asilimia kwa mahitaji yake mwenyewe.

Aprili, si Julai

Dogo alikamatwa wiki ya kwanza ya Julai. Mpasuko ulikuwa umeanza Aprili.

Malindi ina kalenda yake ya njaa. Wageni wa Ulaya hujaa Desemba mpaka Machi, hurudi Julai na Agosti. Katikati hapo, Aprili hadi Juni, hoteli nyingi hupunguza watu au hufunga kabisa, na majumba ya Casuarina hubaki na mlinzi na paka. Miezi hiyo hiyo upepo wa kusi huingia, mvua za masika hunyesha, bahari huchafuka, na mvuvi wa chombo kidogo anakaa pwani akishona nyavu. Mapato ya hoteli na ya bahari hukatika kwa pamoja, na hapo ndipo shule zinapofungua muhula wa pili. Mji una nyumba tupu zilizojaa shaba na nyumba zilizojaa watu wasio na kitu, kwa wakati mmoja.

Mama wa Dogo alifua mashuka hotelini mpaka mwisho wa Machi, kisha akaanza kufua kwa watu, shilingi 300 kwa siku anayopata kazi. Wiki ya pili ya Mei Dogo alirudishwa nyumbani kufuata shilingi 1,200 za chakula na mtihani. Hakufukuzwa. Aliambiwa aje nazo. Siku tatu zikawa wiki, na aibu ya kurudi mikono mitupu ikawa nzito kuliko deni lenyewe. Tena kwa kuwa hakuwa na cheti cha kuzaliwa, hakuwa ameingizwa vizuri kwenye mfumo wa wizara ya elimu kwa namba ya UPI, namba ya utambulisho wa mwanafunzi, kwa hiyo hata fungu la serikali kwa mwanafunzi huyo shule haikuwa ikilipata. Mtoto wa namna hiyo ndiye anayetumwa nyumbani kwanza. Hakuna anayesema hivyo kwa sauti, lakini ndivyo inavyokwenda.

Sasa hesabu waliojua. Mwalimu wa darasa alikuwa na rejista yenye alama za kutokuwepo. Mwenye duka alijua mama ameacha kuchukua unga wa kilo mbili na anachukua wa kupima. Mzee wa mtaa alimwona Dogo na gunia. Mhudumu wa afya ya jamii, ambaye huzungukia nyumba mia hivi, alifika nyumbani Mei akampima bibi presha, akaandika presha. Watu wanne, na kila mmoja alikuwa na kipande chake. Hakuna aliyefanya kosa la kumtia lawamani, na hilo ndilo tatizo: kila mmoja aliona jambo dogo lisilostahili simu. Namba 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto, mtaani inajulikana kama namba ya kubakwa na kupigwa. Hakuna anayeipiga kwa sababu mtoto hajaenda shule siku kumi.

Ukitaka kujua kazi ya ustawi wa jamii katika kuzuia uhalifu wa vijana iko wapi, iko kwenye siku kumi hizo. Semina ya madhara ya uhalifu ukumbini, na fulana na soda, huwakuta waliobaki shule. Kitu chenye faida ni makubaliano makavu kati ya mwalimu wa darasa na mtaa: mtoto akikosa siku tano mfululizo, jina liende kwa mtu mmoja anayejulikana, mtu wa kujitolea wa ulinzi wa watoto au naibu wa chifu, na huyo afike nyumbani ndani ya siku tatu. Aulize maswali matatu tu: anadaiwa nini shuleni, analala wapi, mchana anashinda na nani. Majibu yakipatikana Mei, gharama ni shilingi 1,200 na aibu ya kumsindikiza mtoto getini. Yakipatikana Julai, gharama ni pampu, seli na miezi sita.

Mpango uliokuwa mzuri mno

Mpango wa kwanza ulipendeza machoni. Muda wa miezi sita. Dogo arudi shule. Kila Jumatano aripoti ofisi ya watoto mjini. Kila Ijumaa aonane na mshauri. Jumamosi asubuhi afyeke na kufagia uwanja wa ile nyumba, saa 4 kwa wiki 6, jumla saa 24, badala ya fidia ya pesa. Jumamosi mchana awe kwa fundi wa mashine za boti upande wa Shella.

Fidia ya kazi badala ya pesa ilikuwa uamuzi sahihi, na inafaa kuelezwa. Msimamizi wa nyumba alitaka kwanza alipwe kidogo kidogo, shilingi 250 kwa wiki. Mtoto asiye na kipato akipangiwa malipo, ama mama anakosa kula, ama mtoto anarudi shimoni kutafuta shaba ya kulipia shaba.

Lakini wiki ya tatu Dogo hakutokea Jumatano wala Ijumaa, na kwa fundi alifika mara moja tu. Kwenye faili likaandikwa neno moja: "hashirikiani". Neno hilo ni hatari kuliko linavyoonekana. Mwendesha mashtaka akilisoma ana sababu ya kurudisha kesi, na mahabusu ya watoto iko hapa hapa Malindi, kwa hiyo kitanda kipo karibu. Likifuata agizo la shule ya urekebishaji, iliyo karibu ni ya Likoni, Mombasa, ng'ambo ya feri, na mama wa kufua hana nauli ya kwenda kumwona.

Msimamizi wa ofisi alilikataa neno hilo akauliza swali la mtu anayeijua Muyeye: alikuja na nini? Hesabu ikapigwa. Bodaboda 50 kwenda, 50 kurudi. Safari tatu kwa wiki ni shilingi 300, mshahara mzima wa siku ya mama. Wiki mbili za kwanza Dogo alitembea. Jumatano ya tatu mvua ilinyesha, na viatu vya shule vilikuwa jozi moja.

Mpango ukapunguzwa mpaka ukaweza kubebeka. Kuripoti kukahamia shuleni, saa nne za mapumziko, kwa mwalimu mmoja mwenye daftari la sahihi. Mshauri akaenda yeye shuleni, kila wiki mbili. Afisa akafika nyumbani mara moja kwa wiki mbili, bila kutangaza siku. Na fundi akabadilishwa.

Fundi wa pili

Fundi wa boti hakuwa mbaya, alikuwa mbali, na alimtuma Dogo maji na sigara badala ya kumfundisha. Wa pili alikuwa Muyeye penyewe, mwendo wa miguu, na kazi yake ni kusuka upya waya wa mota zilizoungua: pampu, feni, mashine za kusaga. Yaani anarudisha ndani kile ambacho Dogo alikuwa anakitoa.

Ofisini kulikuwa na ubishi, na ulikuwa wa haki. Unampelekaje mtoto aliyeiba shaba kwenye banda la shaba? Jibu lilikuwa mizani. Kila Jumamosi Dogo anapofika waya mpya na mabaki ya zamani vinapimwa, uzito unaandikwa, anapoondoka vinapimwa tena. Anayeandika ni Dogo, anayetia sahihi ni fundi. Tofauti ya zaidi ya gramu 50 lazima ielezwe papo hapo, isingoje siku ya pili. Utaratibu huo ulimlinda Dogo zaidi ya ulivyomlinda fundi, kwa sababu wiki ya tano koili moja ilipotea na daftari likaonyesha ilikuwepo alipoondoka.

Mipaka nayo iliandikwa. Ana miaka 15, kwa hiyo ni kazi nyepesi ya kujifunza isiyogusa masomo: hakuna umeme hai, hakuna kupaka vanishi wala kukaa karibu nayo inapokaushwa kwa joto, hakuna kubeba mota nzito. Kazi yake ilikuwa kukata koili kuukuu kwa patasi, kuhesabu mizunguko, kupima unene wa waya, kukata karatasi ya kuzuia umeme na kuipachika kwenye mifereji. Ukikosea hesabu ya mizunguko, mota itanguruma na kupata moto ndani ya dakika chache. Mtoto aliyewahi kumkamata mnunuzi kwa robo kilo alihesabu mara mbili bila kuambiwa.

Shuleni mambo hayakuwa laini hivyo. Mwalimu mkuu alikubali arudi kwanza, deni lijadiliwe baadaye, na cheti cha kuzaliwa kikaombwa kwa usajili uliochelewa, kwa barua ya chifu na ile kadi ya kliniki. Lakini jina la utani la Pampu lilimngoja darasani. Mwalimu aliyelikataza paredi ndiye aliyelifikisha gredi ya 7. Chifu naye alitaka amsimamishe barazani aombe radhi mbele ya watu, kwa nia njema. Afisa alikataa kata kata. Sheria inalinda utambulisho wa mtoto, na mtaani sababu ni nzito kuliko sheria: mtoto aliyetangazwa mwizi barazani, kuku wa jirani akipotea usiku, watu hawaendi polisi, wanatafuta mawe. Radhi iliombwa kwa msimamizi wa nyumba na mlinzi, watu sita chini ya mwembe, dakika ishirini.

Kaka

Nafasi ya mtungi wa gesi ilikuwa na maelezo yake. Kaka wa Dogo, miaka 24, anatumia unga, yaani heroini. Mtungi aliuuza yeye. Aliyemwonyesha Dogo njia ya kwa mnunuzi wa vyuma pia ni yeye. Mpango wowote ungemrudisha mtoto kila jioni kwenye chumba hicho, na mpango wa kwanza haukuwa hata na jina lake.

Malindi ina bahati moja katika hili. Hospitali yake ilikuwa miongoni mwa za kwanza nchini kutoa methadoni, dawa ya kumsaidia mtu aachane na heroini, tangu 2015. Kaka hakupelekwa kwa nguvu. Mhudumu wa afya ya jamii, yule yule wa presha, alimsindikiza. Familia ilifundishwa jambo moja tu: dozi hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na akikosa siku kadhaa mfululizo hairudishwi pale ilipokatikia, hushushwa, kwa sababu mwili umepoteza uzoefu na dozi ya zamani inaweza kumwua. Kwa hiyo nauli ya kaka ikatangulizwa mbele ya nauli nyingine zote za nyumba. Alikosa mara mbili, Septemba na Novemba. Mara zote mbili Dogo hakulala nyumbani, alilala kwa mjomba wake, jambo ambalo lilikuwa limekubaliwa tangu mwanzo na mjomba ana mkeka wake tayari.

Tarehe ya kufunga faili

Miezi sita iliisha Januari. Saa 24 zimefanywa, sahihi za mwalimu zimejaa, cheti cha kuzaliwa kimetoka, mama amerudi hotelini tangu Desemba. Kwa karatasi, faili linafungwa, na ofisi yenye mafaili mengi kuliko maafisa ina kila sababu ya kulifunga.

Tatizo ni kwamba Januari kila nyumba ya Malindi inaonekana imepona. Mpango ulioanza Julai na kuisha Januari ulikuwa haujaonja hata siku moja ya masika. Afisa alifunga sehemu ya sheria kama inavyotakiwa, akamwarifu mwendesha mashtaka, kisha akamwomba mama ridhaa ya kuendelea kuwatembelea kama familia, bila masharti wala tishio la kesi. Mama aliuliza mpaka lini. Wakaandika pamoja tarehe nne: wiki shule zitakapofungua muhula wa pili, katikati ya Mei, mwisho wa Mei, na mwisho wa Juni. Kwa upande wa shule kuliwekwa makubaliano kwamba Dogo hatumwi nyumbani kufuata pesa kabla ya kupigiwa simu ofisi ya watoto, na fundi akakubali kumpa chakula cha mchana siku za Jumamosi kuanzia Aprili, si kabla, kwa maana kabla ya Aprili chakula kipo.